Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza: saa iandikwe kwenye tiketi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu tiketi za treni za nje ya saa za msongamano, zile zinazoandikwa Off-Peak. Waswahili wengi tulioko huku tunafanya kazi za zamu, hospitalini na kwenye nyumba za wazee, na tiketi hizi ndizo tunazozimudu. Bei yake hatuna ugomvi nayo. Ugomvi ni saa.

Itazame tiketi yenyewe, ile ya kadi ya rangi ya chungwa. Ina tarehe, kituo cha kutoka, kituo cha kwenda na bei. Saa haimo. Badala yake kuna msimbo wa herufi na tarakimu, ambao abiria anatakiwa akautafute kwenye tovuti ya National Rail, jina la pamoja la kampuni za treni. Huko ndiko atakakosoma kwamba kituo hiki mwisho wa msongamano ni saa tatu na nusu asubuhi, kile ni saa tatu kamili, na jioni baadhi ya treni zinazotoka London nazo zimezuiliwa. Ni sawa na duka likuuzie maziwa, kisha likuambie tarehe ya kuharibika imebandikwa ofisini kwao.

Asubuhi moja geti la kituo lilimeza tiketi yangu, likaitema, likanifungulia. Ndani ya treni mkaguzi akasema haifai kwa saa ile. Nikamwuliza, mbona geti limenipitisha? Akajibu kwamba geti si kazi yake. Basi ni kazi ya nani, Mheshimiwa?

Masharti ya safari ya National Rail yanasema wazi: mwenye tiketi ya tarehe sahihi aliyepanda saa isiyoruhusiwa atozwe tofauti ya nauli. Anayelijua sharti hilo hujitetea. Mgeni asiyelijua akitishiwa faini, ambayo England tangu Januari 2023 ni pauni 100 juu ya nauli, hunywea na kulipa.

Na wapo waliofikishwa pabaya zaidi. Mwaka 2024 kijana mmoja kule kaskazini alitishiwa mahakama kwa pauni 1.90. Tiketi yake ilikuwa ya saa yoyote, ila aliinunua kwa kadi ya punguzo ya vijana, ambayo haikukubali nauli ya chini ya pauni 12 kabla ya saa nne asubuhi siku za kazi. Kelele zilipozidi, kesi za aina hiyo zikaondolewa, na Serikali yako ikaagiza uchunguzi. Ripoti ilitoka Juni 2025. Unayo mezani.

Scotland wamekata mzizi wa fitina: tangu tarehe 1 Septemba 2025 ScotRail haina tena nauli ya msongamano. Siombi makubwa kiasi hicho. Treni za asubuhi za kuingia London nazipanda na najua zinavyofurika. Naomba saa ichapwe kwenye tiketi, kwa tarakimu. Geti likikubali tiketi, mkaguzi naye aikubali. Na aliyekosea saa atozwe tofauti, basi, bila faini wala barua za mahakama.

Zamani kila kampuni ya treni ilimsukumia mwenzake lawama. Great British Railways, shirika jipya la reli la umma, linakuja kuziweka chini ya paa moja, kwa hiyo safari hii jibu tunalisubiri kwako.

Wako mtiifu,
Abiria wa mji wa Reading