Wataalamu wa chanzo cha uhai waje na Mwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi ni muuza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, sio mwanasayansi, PCB (fizikia, kemia na biolojia) nilisoma mpaka kidato cha sita nikaishia hapo, ila kuna kitu huwa nafuatilia kwenye simu usiku nikishafunga hesabu. Kuna watu dunia hii kazi yao ni kutafuta uhai ulianza anzaje na kama huko angani kwingine upo. Juzi nikakigusia kijiweni wakanicheka, mzee mmoja akaniuliza "we kijana, dagaa zako umemaliza kuuza?" Nikaona bora nikuandikie wewe, naomba mkutano wao mmoja uje ufanyike hapa Mwanza.

Hawa jamaa wana chama chao cha kimataifa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, rais wake wa kwanza alikua Mrusi anaitwa Oparin. Huyu mwaka 1924 alitoa wazo kwamba uhai ulitokana na kemikali zilizokua zinapikika zenyewe duniani zamani hizo, alafu 1929 Mwingereza Haldane nae kivyake akaandika kitu kinachofanana. Sasa hawa wawili walikuja kukutana ana kwa ana mwaka gani? 1963, kwenye mkutano huko Florida. Yaani zaidi ya miaka 30 watu wana wazo moja hawajawahi kushikana mikono! Ndo maana mi nasema mikutano sio posho na kofia tu kama tulivyozoea huku, kuna vitu haviendi mpaka watu wakae chumba kimoja wabishane.

Na wanabishana kweli. Mwaka 1953 kijana Stanley Miller wa Chicago alitoa matokeo ya jaribio lake, alitia kwenye chupa mvuke wa maji na gesi za methani, amonia na haidrojeni, akapiga cheche za umeme kama radi, siku chache baadae akakuta asidi amino, zile tunazojengea protini. Tangu hapo ni mvutano, wengine wanasema uhai ulianzia kwenye matundu yanayotoa maji ya moto chini ya bahari, wengine wanasema hapana, ni kwenye madimbwi ya nchi kavu.

Hapo kwenye madimbwi ndo pananihusu. Uhai unataka fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, na shida ya fosfeti ni kwamba kwenye maji ya kawaida kalsiamu inaidaka inaizamisha chini. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani, Toner na Catling, wakaonyesha kwamba kwenye maziwa ya magadi kabonati, ile iliyomo kwenye magadi, inaiwahi kalsiamu, kwahiyo fosfeti inabaki huru majini na inaweza kujaa nyingi sana. Maziwa ya magadi Mhariri! Ziwa Natron liko Arusha hapo, na magadi ni haya haya mke wangu anatia kwenye maharage yaive haraka. Watu wanawaza uhai ulianzia kwenye maji ya aina hiyo na sisi kijiweni tunacheka.

Najua mtu atasema Natron sio Mwanza. Sawa, twende ziwani kwetu, Victoria. Februari 2021 roboti ya Wamarekani ilitua sayari ya Mirihi kwenye shimo linaitwa Jezero, jina ni la mji wa Bosnia na maana yake ni ziwa tu, kwasababu zamani palikua na ziwa na mto unaingia, wanasoma tope lililogeuka mwamba kuona kama kuna kitu kiliwahi kuishi. Kusoma tope la ziwa lililokauka! Na hili letu nalo lilishawahi kukauka, wataalamu walitoboa tope la chini wakaona kwamba kama miaka 15,000 iliyopita hapa palikua nchi kavu, maji yakarudi, na ndani ya muda huo mfupi samaki wetu furu wakachanua wakafika aina zaidi ya 500. Furu wetu hawa hawa ambao sangara aliwamaliza wengi miaka ya 80. Furu sio chanzo cha uhai, hilo naelewa msinirushie mawe, wale wanaonyesha uhai ukishaanza unakimbia spidi gani. Ila mtu anaetafuta uhai kwenye ziwa lililokufa kule Mirihi si angekuja kuona ziwa lililokufa likafufuka?

Na sio kwamba Mwanza ni wageni wa sayansi. Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walikua hapa tangu 1977 wanahesabu furu kwenye ghuba yetu, na kuna jamii za samaki zimepewa majina ya kitaalamu Mbipia na Pundamilia, mvuvi yeyote wa kwenye mawe anajua mbipi, furu wa kwenye mawe, ni nani. Lugha yetu iko kwenye vitabu vyao tayari.

Wale wa elimu ya nyota wameshaonyesha njia. Umoja wao wa kimataifa ulianza 1919 na mkutano wao mkuu haukuwahi kufanyika Afrika mpaka Agosti 2024 pale Cape Town. Miaka 105! Sisi tusisubiri hivyo. Mtoto wa Igoma hapa Mwanza mwenye A ya kemia kwenda kuwasikiliza hawa watu Ulaya ni viza, tiketi, ada ya kujiandikisha na taarifa ya benki ya miezi sita, baba yake anauza mkaa hiyo taarifa ataitoa wapi. Wao kuja huku ni rahisi zaidi kuliko sisi kwenda kule, tusidanganyane.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni kwa wasomaji wako walioko vyuoni hasa walimu wa kemia, biolojia na jiolojia, mkisikia wanatafuta mji wa kufanyia mkutano andikeni Mwanza. Ndege inatua, hoteli zipo, samaki wapo. Boti ya kwenda kisiwa cha Saanane nitawalipia mimi, sio wote lakini, watano wa kwanza.

Muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza