Stenti sio ruhusa ya kuacha dawa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wengi wakishawekewa stenti ya kupanua mshipa wa moyo uliokuwa mwembamba wanajiona wamepona kabisa, kifua hakibani tena, ngazi anapanda bila kuhema, basi dawa anaanza kuziruka, na hapo ndo hatari ilipo. Ile stenti ni kibomba cha wavu wa chuma na damu ikigusa chuma inataka kuganda, ndo maana unapewa aspirini pamoja na klopidogreli, mara nyingi miezi 6 hadi 12. Ukiacha ghafla, bonge la damu linaweza kuziba stenti ukapata mshtuko wa moyo siku hiyohiyo. Kuna mtu namjua alienda kung'oa jino akaambiwa asimamishe dawa, daktari wake wa moyo hata hajaulizwa, jamani! Mshipa pia unaweza kuwa mwembamba tena taratibu, hasa ukiwa na kisukari au unavuta sigara. Halafu dawa hizohizo zinaweza kukutoa damu, choo kikiwa cheusi kama lami usikae nyumbani. Na madaktari nao waandike kwenye karatasi tarehe ya kuacha dawa, sio kumwambia mgonjwa kwa mdomo wakati bado ana usingizi.