Barua kwa Mwanangu Anayelinda Mlango wa Klabu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyanya yako, ambaye hajambo ila magoti yanamsumbua. Nimeamua kukuandikia kwa sababu tangu uajiriwe kwenye klabu ile ya Nyali, hapa Mombasa, tumekuwa watu wa kupishana: wewe unarudi alfajiri nami natoka kwenda zamu hospitalini, na jambo nililo nalo moyoni si la kuzungumzwa mtu akiwa amevaa kiatu kimoja.

Sikuandikii ili uache kazi. Klabu yenu imejitangaza kuwa ni ya vijana, inawakaribisha wenye umri wa miaka 18 hadi 25, na mahali panapowaita wenye miaka 18 patawavuta wenye miaka 16 hata pasipowaita. Hao ndio ninaotaka kukuzungumzia, kwa kuwa baina yao na chupa umesimama wewe, pengine wewe peke yako.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, imeweka umri wa kunywa kuwa miaka 18, lakini haikuishia kwenye kinywaji. Inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya umri huo hata kuingia mahali pombe inaponyweka, tena inamkataza mtu yeyote, awe mhudumu au rafiki, kumuuzia au kumpa kileo. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 anayekuapia kwamba ataagiza soda tu na kucheza muziki hana ruhusa ya kupita hapo ulipo, hata akiwa anasema kweli. Na mimi naamini kwamba saa tatu za usiku wengi wao husema kweli. Ni kuanzia saa sita ndipo mambo hugeuka.

Ukishika kitambulisho usisome mwaka peke yake. Aliyezaliwa Desemba bado ana miaka 17 Agosti nzima ya mwaka anaotimiza 18, na foleni ikiwa ndefu jicho hukimbilia tarakimu nne za mwisho. Picha ya kitambulisho kwenye simu usiikubali, kwa kuwa siku hizi kubadilisha tarakimu moja kwenye picha ni kazi ya dakika chache. Kadi ya dada au ya kaka ndiyo inayosumbua zaidi, maana ndugu hufanana. Ichukue kadi mkononi mwako, kisha umuulize aliyeileta alizaliwa tarehe gani na katika wilaya gani, ukimtazama yeye usoni. Mwenye kadi yake hujibu kabla hujamaliza kuuliza, ilhali aliyeazima kwanza humtazama mwenzake. Tochi ndogo ninayotumia zamu za usiku nimekuwekea kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, kwa sababu chini ya zile taa za rangi, tarakimu 3 na 8 hazitofautiani.

Kazi itakuwa ngumu zaidi Novemba ikikaribia kwisha na Desemba yote, watahiniwa wa kidato cha nne watakapokuwa wamemaliza mtihani wao wa KCSE na treni ya reli mpya ya SGR inawashusha kituo cha Miritini pamoja na wageni wengine wa sikukuu. Wengine huja kwa makundi na kukodi nyumba Nyali na Bamburi bila mtu mzima hata mmoja. Kundi la vijana wanane likifika mlangoni, watano watakuwa na vitambulisho na watatu hawana, nao wale watano watakusihi kwa maneno matamu, na mmoja wao atakukunjia noti ya shilingi 200 kiganjani. Hapo ndipo ninapokuogopea, kwa sababu najua mshahara wako, na najua wewe ni mtu wa huruma.

Hata hivyo mlango peke yake hautoshi. Mkono mmoja haulei mwana, na aliyekuponyoka wewe anatakiwa akutane na jicho la pili ndani. Kwa kawaida hakuti. Kijana wa miaka 22 hununua mzinga, yaani chupa kubwa ya pombe kali, hulipa kwa M-Pesa, mhudumu huleta glasi sita, na hakuna anayeuliza ni nani watakaozishika. Kwangu mimi meza ile ni hatari kuliko kaunta, kwa kuwa kwenye kaunta mnywaji huonekana uso.

Nchini Marekani, ambako tangu sheria ya mwaka 1984 majimbo yamepandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21, klabu nyingi huwaruhusu wenye miaka 18 kuingia bila kunywa. Huwachora alama ya X kwa wino mweusi mgongoni mwa mikono, au huwavisha wanaoruhusiwa kunywa ukanda wa rangi mkononi, na muuzaji hutazama mkono kabla ya kumimina. Udhaifu wake unajulikana: wino husuguliwa kwa sabuni chooni, na mwenye ukanda humnunulia asiye nao. Nakutajia hayo kwa sababu Julai 2025 serikali yetu ilizindua sera inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Sera si sheria, lakini pendekezo hilo likipita, sehemu kubwa ya wateja wenu wa leo watakuwa hawaruhusiwi kuuziwa, na klabu isiyojizoeza kutazama mikono na meza itajikuta taabani. Muhuri wenu wa wino nao si wa kutegemea: ukiwa mbichi, mkono mmoja ukigandamizwa juu ya mwingine, mmetoa ruhusa mbili.

Sasa nikuambie ninayoyaona mimi upande wa pili. Usiku wa kuamkia Jumapili nimewahi kumpokea binti ambaye muhuri wa klabu ulikuwa bado unang'aa kwenye kifundo cha mkono, midomo imepauka, na vidole baridi. Wenzake, kwa nia njema kabisa, walikuwa wamemmwagia maji baridi na kumnywesha kahawa, kisha wakamleta kwa tuktuk akiwa amelazwa chali. Kahawa haitoi pombe kwenye damu. Ini ndilo linaloitoa, polepole, wala hakuna cha kuliharakisha. Maji baridi humzidishia baridi mtu ambaye mwili wake tayari unapoteza joto. Kulazwa chali ndiko kubaya zaidi, kwani pombe ikizidi hulegeza ile kinga ya koo inayotufanya tukohoe matapishi yasiingie mapafuni, na mtu anaweza kufa hivyo huku wenzake wakidhani amelala. Binti yule alipona. Ukimkuta yeyote haamki akiitwa, au anapumua kwa vipindi virefu, mlaze ubavu, mfunike, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali bila kungoja apate nafuu. Nipigie simu hata nikiwa kazini.

Jambo la mwisho linahusu wale utakaowazuia. Ukimkataza msichana wa miaka 16 kuingia nao wenzake wakaingia, umetimiza sheria, lakini umemwacha barabarani usiku akiwa peke yake, na wanaume walioegesha magari pale nje wamemwona. Mwambie asimame karibu yako, kwenye mwanga. Muulize namba ya mzazi au ya dada yake, umpigie wewe kwa sauti ya heshima, na ikija tuktuk au bodaboda iwe ni ya dereva unayemjua. Usimfokee wala usimcheke mbele ya foleni, maana aliyeaibishwa hapo kwenu atakwenda pale ambapo hakuna anayeuliza. Na ukiona mtoto yuleyule anarudi kila wikendi, mpe yeye au wazazi wake namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo hupigwa bila malipo.

Ningependa uzungumze na meneja Alhamisi hii, kabla ya wikendi kuanza. Mwombe mikanda inayokatika ikivuliwa badala ya muhuri, mhudumu mmoja wa kuzunguka mezani kutazama mikono, na ruhusa ya kutomwingiza asiye na kadi hata akiwa mtoto wa mkubwa fulani. Mkumbushe kwamba leseni yake hutolewa na kaunti, na kwamba akikaguliwa yeye ndiye atakayeulizwa. Akikuambia uwaachilie watoto wapite kwa sababu ya kiingilio, usibishane naye hapo hapo. Nyamaza, uje uniambie, nami nitamwita mjomba wako tukae watatu tuangalie jinsi utakavyopata kazi nyingine bila kukaa muda mrefu nyumbani.

Ni mimi mamako mzazi.