"Mnatutoza Hela kwa Kulala?"

Malalamiko haya tumeyasikia hadi tumeyakariri. Safari hii yamekuja kwa ujumbe mrefu. Mteja alilipia vipindi 8 vya yoga ya wanaoishi na saratani. Cha kwanza kikaisha kwa maswali, mkeka hata haukukunjuliwa. Cha pili akalazwa juu ya mito, kafunikwa blanketi. Cha tatu tukamrudisha nyumbani akiwa mlangoni. "Yoga yenyewe iko wapi?" akauliza, na kutukumbusha kwamba video za intaneti ni za bure.

Ni za bure kweli. Ila video haimjui anayeitazama.

Nianze na hayo maswali. Dripu ya mwisho ya dawa za saratani ilikuwa lini? Tezi za kwapani zilitolewa, upande gani? Bomba la dawa liko kifuani au mkononi? Vidole vina ganzi? Dawa kama paklitakseli na oksaliplatini hudhuru mishipa ya fahamu, na mtu asiyehisi sakafu vizuri hatumsimamishi mguu mmoja katikati ya chumba. Anashika ukuta, au anakaa kitini. Swali la mifupa ndilo tunalolirudia kuliko yote. Mzee mmoja alituficha kwamba saratani ya tezi dume ilikuwa imefika kwenye uti wa mgongo, akihofia tutamkataa. Nilimshtukia kwa jinsi alivyojishika kiuno alipokuwa anaketi. Mfupa ulioliwa na saratani unaweza kuvunjika kwa kuinama tu, au kwa kujipinda ambako mtu mzima wa afya hakuoni kuwa ni kitu. Hatukumkataa. Bado yuko nasi, kitini, mgongo wima, bila kuinama wala kujipinda, na kwa mazoezi ya pumzi anawashinda vijana.

Sasa njia ya mkato. Dada mmoja aliyekatwa titi na kutolewa tezi za kwapani aliona bei yetu kubwa, akajiunga na shindano la siku 30 la mtandaoni: kujiegemeza kwa viganja kila asubuhi, siku ya kwanza dakika nzima. Wiki ya tatu pete haikutoka kidoleni. Sisemi zoezi ndilo lililomvimbisha. Mkono uliotolewa tezi unaweza kuvimba hata bila zoezi, na uzito unaoongezwa kidogo kidogo haukatazwi. Lakini yeye hakuongeza kidogo kidogo, wala hakuwa na wa kumwambia aupumzishe ule mkono ulipoanza kuwa mzito. Alikuja kwetu baadaye akiwa na soksi ya kubana ya mkono na kadi iliyojaa miadi ya tiba ya viungo. Gharama zake alizihesabu mwenyewe, tena kwa sauti, mbele ya darasa.

Kuhusu kulala. Mwaka 2013 jarida la Journal of Clinical Oncology lilichapisha utafiti wa watu 410 waliomaliza matibabu ya saratani lakini usingizi ukawakimbia. Waliopewa yoga ya taratibu, yenye mikao ya kupumzika na kupumua ndani yake, dakika 75 mara 2 kwa wiki kwa wiki 4, walilala vizuri kuliko wenzao waliobaki na huduma za kawaida, na dawa za usingizi wakazipunguza. Kwa hiyo ile mito si uvivu wa mwalimu. Kumpanga mtu mwenye kidonda cha upasuaji tumboni hadi asisikie kuvutwa popote huchukua dakika 10, na kila blanketi hufuliwa kabla ya kumgusa mtu mwingine. Darasa letu ni la watu 6 na walimu wawili. Anayetulinganisha na ukumbi wa watu 30 analinganisha vitu viwili tofauti.

(Na jingine, kwa kuwa kila mwezi kuna anayeuliza: yoga haiponyi saratani. Anayetaka kuacha dripu aje kwetu badala yake, hatumpokei.)

Turudi mlangoni. Mteja wetu alikuwa siku ya 10 baada ya dripu ya tibakemikali, kipindi ambacho chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, huwa chache sana. Kipimajoto kilisoma 38.2. Kwa aliye kwenye dawa hizo, 38 inatosha kupiga simu hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja kesho. Tulimwambia hivyo, akaona tunakwepa kumhudumia. Nakiri mwenzangu pale mlangoni alisema kwa ukali, na kwa hilo tumeomba radhi.

Kipindi kile hakijahesabiwa. Kinachokatishwa na ugonjwa huwa hatukihesabu. Vyake 6 vipo, na mkeka wa karibu na dirisha tumemwekea. Aje tu na kibali cha daktari wake na majibu ya damu ya karibuni.