Kabla ya Kuhesabu Vitanda

Mpendwa Dada Rehema,

Salamu nyingi kutoka Worcester, Massachusetts. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu na hiyo theluji yenu isiyokwisha. Hongera kwa kuteuliwa kwenye kamati. Umeuliza jimbo likitaka kujenga makao mapya ya askari wastaafu, ya vitanda 120, mtego uko wapi. Mimi nauona kwenye karatasi ya zamu, na kwenye miezi ya kwanza baada ya utepe kukatwa. Jengo lenyewe ndilo jepesi.

Nianze na hilo jepesi, maana wanasiasa watalisema sana. Serikali kuu ya Marekani huchangia hadi asilimia 65 ya gharama ya ujenzi, jimbo hutoa 35. Shikeni hilo neno "hadi". Kununua ardhi hakumo. Tena maombi hayapandi juu kwenye orodha ya kipaumbele mpaka jimbo liwe limeshatenga fungu lake, na orodha hupangwa upya kila mwaka wa fedha. Miradi ya kuondoa hatari kwa maisha ya wakazi, kama moto, hutangulia. Vitanda vipya huja baadaye, na hapo huangaliwa jimbo lina upungufu kiasi gani. Fungu la Bunge likiisha kabla ya kuwafikia kwenye orodha, mnangoja mwaka mwingine huku bei ya mkandarasi ikipanda. Mkishajenga kwa ruzuku kubwa, mmefungwa miaka 20: jengo likiacha kuwa makao ya wastaafu kabla ya hapo, serikali kuu inaweza kudai fedha zake.

Sasa zamu. Kanuni ya serikali kuu inataka kila mkazi wa upande wa uuguzi apate angalau saa 2.5 za uuguzi wa moja kwa moja kwa kila saa 24, siku zote saba. Vitanda 120 vikijaa ni saa 300 kwa siku. Zigawe kwa zamu ya saa nane, unapata zamu 37.5 kila siku, yaani 262.5 kwa wiki. Kila mtu akifanya zamu tano, unahitaji watu 53, na hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliye likizo, hakuna aliyejifungua. Ongeza wa kuziba nafasi zao na usishuke chini ya 60. Wapishi, wafuaji, mafundi na madereva bado hujawagusa. Tena muuguzi aliyesajiliwa lazima awepo saa zote 24. Nafasi moja ya namna hiyo ni saa 168 kwa wiki, na mtu mmoja anafanya 40, kwa hiyo kiti kimoja kinakula watu wanne na ushee. Andikeni watano.

Na 2.5 ni sakafu tu. Kwenye wodi ya dimensia, maradhi ya kusahau, ambako mzee mmoja anaweza kuhitaji watu wawili kumwogesha, saa hizo huisha kabla ya chakula cha mchana. Kamati ikikwambia itaajiri baadaye, iulize itaajiri kutoka wapi. Wewe unajua kuliko mimi ni Wakenya na Watanzania wangapi wanaosukuma viti vya magurudumu katika nyumba za wazee za mji wenu. Hospitali ya jirani ikiongeza dola mbili kwa saa, wanahama wiki hiyohiyo.

Makao ya askari wastaafu ya Holyoke, hapa Massachusetts, ndiyo sababu nasisitiza. Machi 2020 uhaba wa wafanyakazi ulifanya wodi mbili za dimensia ziunganishwe, wenye UVIKO-19 na wasio nao wakawekwa mahali pamoja. Wastaafu wasiopungua 76 walikufa. Jengo lilikuwa la 1952, vyumba vya watu kadhaa. Kiini cha msiba ule ulikuwa mikono haba ndani ya vyumba vya kushirikiana, na vyote viwili vilikuwa vinajulikana kabla. Kwa hiyo mkipewa mchoro wenye vyumba vya watu wawili ili kuokoa fedha, kataeni. Makao mapya ya Chelsea, hapahapa jimboni, yana vitanda 154, kila mtu na chumba chake. Choo na bafu viwe ndani ya chumba. Mnao wastaafu wanawake pia, na idadi yao inakua.

Mchoro wa nyumba ndogondogo, wakazi kumi na kitu kila moja kuzunguka sebule na jiko, wazee huupenda. Lakini hesabuni usiku. Kila nyumba inahitaji mtu asiyeweza kutoka mlangoni. Nyumba kumi ni watu kumi usiku, pamoja na wa kuwapokea wanapokwenda kupumzika. Wasanifu hawalisemi hili. Halafu ulizeni jiko liko wapi. Makao ya wastaafu ya West Los Angeles, California, yalifunguliwa 2010 bila jiko lake, na hilo likawa moja ya sababu za vyumba kukaa vitupu.

Nafika kwenye ufunguzi, ambako wahasibu hutoka jasho. Serikali kuu hulipa posho ya siku kwa kila mstaafu, lakini si kuanzia siku ya kwanza. Wakaguzi hawaji kuyatambua makao mapya mpaka yawe na wakazi 21, au nusu ya uwezo wake, na posho huanza baada ya ukaguzi kukamilika. Mkipokea wanne kwa wiki, mnafika 21 wiki ya sita, kisha mnangoja wakaguzi. Muda wote huo wauguzi wanalipwa na jimbo. Wekeni akiba ya uendeshaji mbali na fedha za ujenzi, la sivyo mtafunga wodi ambayo rangi yake haijakauka.

Hata posho ikianza, ya kawaida haizidi nusu ya gharama ya siku. Mwenye ulemavu uliotokana na utumishi wa jeshi wa asilimia 70 au zaidi hulipiwa kiwango kikubwa, na hapo hamruhusiwi kumdai yeye wala familia yake nyongeza yoyote. Wenzi wa wastaafu wanaweza kupokelewa, lakini hawana posho, na kwenye jengo la ruzuku asilimia 75 ya wakazi lazima wawe wastaafu wenyewe. Mzee akilazwa hospitali, kitanda chake hulipiwa siku kumi za kwanza tu, tena makao yakiwa yamejaa asilimia 90. Ndiyo maana vitanda vitupu vinauma mara mbili.

Nitumie rasimu ya ikama, yaani hesabu ya wafanyakazi kwa kila zamu, kabla ya kikao, hata kama ni ya kalamu. Nataka kuona safu ya usiku na safu ya wikendi. Zile za mchana sina shaka wamezijaza vizuri.

Wasalimie watoto na shemeji.

Wako,
Mwanahawa