Ufaransa ya baiskeli si kukwea milima tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji. Makala yenu ya safari ya mwezi uliopita, ile ya kuendesha baiskeli Ufaransa, niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilisikitika zaidi. Mwandishi wenu amewaambia wasomaji kwamba mwenye hamu ya kuiona nchi hii kwa baiskeli akakwee Alpe d'Huez au Mont Ventoux, akodi baiskeli ya bei ya shamba, tena awe amefanya mazoezi nusu mwaka. Mtu wa kawaida akifika hapo anafunga gazeti. Mimi ni mama wa miaka 51, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Chalon-sur-Saône, na tangu Aprili hadi Oktoba, Jumapili nisipokuwa zamu, niko mashambani na baiskeli. Hiyo milima miwili sijaikanyaga, na baiskeli yangu niliinunua mtumba.

Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu anajua. Marehemu baba alikuwa akileta madafu mjini kutoka Pongwe kwa Phoenix nyeusi, tenga huku na tenga huku, na mimi utotoni nikipanda mbele kwenye bomba. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni jinsi mgongo wake ulivyokuwa ukisikiliza. Basi likiwa bado mbali, mimi sijasikia kitu, yeye ameshakaza mabega. Anaacha lami, anashuka kwenye majani, anashika baiskeli kwa mikono miwili mpaka lipite na vumbi litulie, ndipo anapanda tena. Mara kumi, mara kumi na tano kwa safari moja. Nilipofika huku, nikanunua baiskeli, nikajikuta na mimi mabega yamepanda vilevile. Kwa hiyo barabara tulivu, kwangu mimi, ni ile ambayo mgongo unaacha kusikiliza. Mandhari huja baadaye.

Aliyenifundisha kuipata ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia kazini, aliyepeleka barua vijijini maisha yake yote, na miaka ya mwanzo kwa baiskeli. Aliposikia naendesha, aliniagiza nifungue droo ya kabati lake. Mlikuwa na ramani ya Michelin, mikunjo imechakaa, imeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Akaitandaza juu ya shuka, akapitisha ukucha wa kidole gumba. Barabara zilizochorwa nyekundu waachie malori, akasema. Njano waachie wenye haraka. Nyeupe ndizo zetu. Na ukiona barabara imepigwa mstari wa kijani ubavuni, hapo waliochora ramani wanakwambia panapendeza kutazama.

Elimu hiyo ya dakika tano ndiyo iliyokosekana kwenye makala yenu, nami naomba niifafanue. Barabara za Ufaransa zina herufi. A ni zile za mwendo kasi, nyingi zinalipiwa, na baiskeli ni marufuku. N ni za taifa. D ni za département, ngazi ya serikali inayokaribia mkoa wetu, na vigingi vyake vya kilomita vina kichwa cha njano. Chini ya hizo ziko barabara za vijiji. Nchi hii ina serikali za mitaa za ngazi ya chini kabisa, kila moja na meya wake, takriban 35,000, nyingine zina watu wasiofika 200, na kila moja inawajibika kwa barabara zake. Ndiyo maana lami inafika mpaka mlangoni kwa mfugaji wa mwisho kule kilimani. Ukizijumlisha barabara za vijiji peke yake unapata karibu kilomita 700,000, na za D karibu 380,000. Za A ni kama 12,000 tu, lakini ndizo zinazobeba safari ndefu na mizigo mizito. Ule utulivu ninaousifia umetokana na hesabu hiyo: lami ni nyingi kupita kiasi, na magari yamekimbilia kwenye sehemu yake ndogo.

Lakini D zenyewe hazilingani. Zile zinazoanza na 9, kama D981 inayopita Givry kwenda Cluny, nyingi ni njia kubwa za tangu zamani, na wenye magari bado wanazitumia hivyo. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Niliiamini simu. Nilitaka kumpeleka binti yangu Cormatin kuona kasri, programu ikanipa njia fupi, nikaifuata. Kilomita chache baadaye lori la kokoto likatupita karibu kiasi kwamba upepo wake ulimsukuma mtoto kwenye changarawe za pembeni. Sheria ya hapa inamtaka dereva aache mita moja mjini, na mita moja na nusu nje ya mji, anapompita mwenye baiskeli. Na tangu 2015 anaruhusiwa kukanyaga mstari mzima wa katikati ili apate nafasi hiyo. Wengi wanaitii, nawashuhudia kila wiki. Yule hakuitii. Tulikaa kwenye majani, mimi na binti, nikamwona baba yangu amesimama na madafu yake. Tangu siku hiyo simu inakaa mfukoni mpaka nitakapotaka kujua saa.

Uchungu ni kwamba sambamba na D981, mahali pengine umbali wa kurusha jiwe tu, kulikuwa na njia ambayo gari haliingii kabisa. Inaitwa voie verte, njia ya kijani, na ile ya Givry hadi Cluny, kilomita 44, ilifunguliwa 1997 na ndiyo ya kwanza ya aina yake Ufaransa. Ilikuwa reli. Treni zilipokoma, tuta halikukatwa viwanja; liling'olewa vyuma, likawekwa lami. Hapo ndipo siri ya wepesi wake ilipo, maana treni haiwezi mwinuko mkali, na waliojenga reli walichonga kilima na kujaza bonde ili mteremko uwe mdogo. Leo anayefaidi ni mtoto wa miaka sita na bibi wa miaka 70. Unapita mizabibu ya Givry na Buxy, unapita Saint-Gengoux-le-National, unapita chini ya kilima cha Taizé wanakokutana vijana Wakristo wa mataifa mengi, unaingia Cluny penye mabaki ya kanisa ambalo kwa karne kadhaa lilikuwa kubwa kuliko yote katika Ukristo wa Magharibi, kabla ya kubomolewa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa na mawe yake kuuzwa.

Mbele ya Cluny, kuelekea Mâcon, reli ilipita ndani ya mlima. Handaki la Bois Clair lina mita 1,600, na sasa ni la baiskeli na waendao kwa miguu. Ndani kuna baridi hata Julai, kwa hiyo beba sweta. Majira ya baridi linafungwa, kwa sababu popo wanalala humo na hawatakiwi kusumbuliwa. Niliwahi kufika Machi nikakuta lango limefungwa, ikabidi nikwee juu ya mlima nikisukuma. Nilichoka, lakini sikukasirika. Njia yenyewe waliiazima kwa treni, na popo wameiazima kwao.

Mifereji nayo ni hivyohivyo. Kando ya mfereji kulikuwa na njia ya watu na farasi waliokokota majahazi, na njia hiyo, panapotunzwa, sasa ni ya baiskeli. Canal de Bourgogne una kilomita 242 na milango ya maji 189. Kando ya mto Loire wametengeneza njia ya kama kilomita 900 inayoshuka hadi bahari ya Atlantiki. Hiyo imesifiwa sana, na inastahili, ila Agosti ina watu wengi kama soko la Mgandini siku ya mwezi kuandama. Anayetaka ukimya asiishie hapo.

Ukimya uko kwenye nyeupe za mzee. Nitawapa moja niipendayo. Ukifika Cormatin, iache njia ya kijani, kata mashariki uende Chapaize, kijiji kidogo chenye kanisa la karne ya 11 na mnara mrefu kuliko unavyotegemea. Kutoka hapo panda kidogo hadi Lancharre. Lami ni ya upana wa gari moja, katikati majani yameota. Ng'ombe weupe wa Charolais wanakuja mpaka kwenye waya kukutazama, wanatembea sambamba nawe mpaka shamba lao liishe, halafu wanasimama. Mwezi Juni nyasi zimekatwa na zimelala juani, na harufu yake inaingia mpaka kwenye nguo. Asubuhi nzima nilihesabu magari matatu, moja ni la posta. Unasikia mnyororo wako mwenyewe. Ndipo niligundua mabega yameshuka, sijui yalishuka saa ngapi.

Sasa mambo ambayo mwandishi wenu hakuyagusa, na ndiyo yanayomkwamisha mgeni. Kwanza maji. Vijiji vingi havina duka hata moja. Mzee wa barua alinielekeza makaburini: karibu kila kijiji kina makaburi yenye ukuta, na ndani kuna bomba la kumwagilia maua. Mara ya kwanza niliona vibaya sana kuingia na chupa. Nilisimama langoni, nikawasalimia waliolala, nikaomba radhi, nikafungua bomba. Maji yalitoka ya baridi, mpaka chupa ikatoka jasho. Kikiandikwa kibao eau non potable, hayo si ya kunywa, usiguse. Na yale mabirika makubwa yenye paa walikokuwa wakifulia akina mama wa zamani, chovya miguu tu.

Mkate ununue kabla ya saa sita mchana, maana vijijini wanafunga mpaka saa nane au zaidi, na Jumatatu unaweza kupita vijiji vinne usikute tanuri lililo wazi. Kiangazi ukiona kibao gravillons, punguza mwendo, wamemwaga kokoto mpya. Ndani ya vijiji, panapokosekana alama, anayetokea mkono wako wa kulia ndiye anapita kwanza, hata akitoka kwenye kichochoro. Na salamu. Mji mkubwa watu hawasalimiani, lakini kijijini ukipita kimya mbele ya mzee aliyeketi mlangoni umekosa adabu, sawasawa na kwetu. Sema bonjour, punguza mwendo. Mara mbili nimeelekezwa njia nzuri kuliko niliyokuwa nayo kwa sababu ya salamu hiyo, na mara moja nimepewa plamu kofia nzima.

Ninalowaomba, Mhariri, ni hili. Wasomaji wenu wengi wana mtoto, dada au mjomba Ufaransa, na wanapokuja kutembea hawavuki Paris. Wachapishieni njia yenye majina ya vijiji na namba za barabara, siyo picha ya mlima. Anzeni na hii: shuka treni Chalon-sur-Saône, nenda Givry kama kilomita tisa, fuata njia ya kijani mpaka Cluny, lala hapo. Kesho yake pita handakini mpaka Mâcon, panda treni ya mkoa na baiskeli yako, rudi Chalon. Jumla ni takriban kilomita 80 kwa siku mbili, na aliyezoea kwenda sokoni kwa baiskeli anaziweza.

Mzee wa barua alifariki kipupwe cha mwaka juzi. Familia yake iliniachia ramani, na alama za ukucha bado zinaonekana ukiiinamisha kwenye mwanga. Mwandishi wenu akija tena huku aniambie, nitamwazima. Airudishe tu kabla ya Aprili.

Msomaji wenu,
Mama wa Ngamiani, Tanga
Chalon-sur-Saône, Ufaransa