Simu za Novemba siyo tamaa, ni msimu

Mhariri salaam, na pole na kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana nimesoma barua ya msomaji mmoja anayeishi nje, analalamika kwamba ndugu zake wa kijijini wanamkumbuka Novemba mpaka Januari tu, mvua zikianza na simu zinaanza, baada ya hapo kimya. Hilo la miezi ni kweli kabisa, sibishi. Ila sababu aliyoitoa, kwamba sisi wa kijijini tunamuona yeye ni benki, hapo ndo nimeumia.

Mimi ni mkulima wa mahindi huku Mbozi, mkoa wa Songwe, na dada yangu mkubwa yuko Muscat anafanya kazi za ndani. Kwa hiyo nipo upande wa pili wa hiyo simu anayoilalamikia.

Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Ikianza mwishoni mwa Novemba au Disemba hapohapo unatakiwa uwe na mbegu, uwe na mbolea ya DAP ya kupandia, alafu baada ya wiki chache Urea ya kukuzia, vibarua wa palizi, dawa ya viwavi, na Januari shule zinafunguliwa watoto wanataka sare na madaftari. Yaani hela zote za mwaka zinatoka ndani ya miezi mitatu na wakati huo ghalani kilichobaki ni cha kula tu. Tukija kuvuna Juni na Julai kila mtu ana mahindi, dalali anajua una shida, anakuja na lumbesa yake, lile gunia la kujazwa kupita kiasi ambalo sheria inakataza, na bado bei anapanga yeye. Sasa mtu wa hivyo asipige simu Novemba apige lini?

Na kile kimya cha Machi na Aprili ndugu zetu wa nje wanakielewa vibaya zaidi. Jirani yangu alitumiwa hela ya mbolea na kaka yake aliyeko Afrika Kusini, akaweka yote shambani kweli, mimi nilimuona, mvua ikakata wakati mahindi yanatoa mbelewele. Akawa hapokei simu. Kaka mtu akajua hela imenywewa pombe na mpaka leo hawaongei, watu wa tumbo moja. Ule mwaka nadhani hata picha moja tu ya lile shamba lilivyokauka ingetosha kuwaokoa.

Dada yangu alilijua hili mapema. Alivyoanza kutuma hela aliniambia, mdogo wangu, nitumie picha hata kama ni mbaya, hasa kama ni mbaya. Kule Oman simu za WhatsApp hazikubali lakini picha na voisi zinapita, basi sisi tunaishi kwa voisi. Kiwavi jeshi vamizi alivyoingia shambani nilikunjua jani la katikati la mhindi nikampiga picha akiwa humo ndani, lile jani limetobolewa tobolewa na uchafu wake umejaa kama unga wa mbao uliolowa, kichwani ana ile alama ya Y iliyogeuzwa juu chini. Nikamtumia. Usiku akajibu, wao wako mbele yetu saa moja, anaongea kwa kunong'ona maana mabosi wamelala, nasikia na maji ya bomba anaosha vyombo, ananiuliza huyo mdudu anakufa na nini, umeweka mchanga kwenye moyo wa mhindi kama mama alivyokuwa anafanya kwa funza wa zamani? Wiki nzima alikuwa anamuulizia yule mdudu. Na yeye ananisimulia joto la kule, Julai linapita digrii 40, na watoto anaowalea ambao wamemzoea kuliko wangu mimi wanavyomjua. Hapo hakuna aliyetaja hela.

Hela tumeipa mwezi wake. Tunaongelea Agosti, siku za Nanenane, mahindi ya kuuza yakiwa yameshajulikana ni mangapi na ya kula mangapi, namwambia pengo liko hapa, anasema naweza hiki na hiki siwezi, basi yameisha. Ikifika Novemba napiga kumwambia mvua imenyesha. Nawaomba sana mlioko nje, kama mtu unajua Januari utatuma tu, tuma Agosti au Septemba, inafanya kazi kubwa zaidi. Tangu ruzuku ya mbolea ianze 2022 wengi tumesajiliwa na tuna namba za kuinunulia, lakini namba bila hela mkononi siku mzigo ukifika kwa wakala haikusaidii kitu, unaisha wewe bado unasubiri kutumiwa, na wakala wenyewe kwa wengine mpaka upande gari. Hela ikija kuingia palizi imeshapita na mahindi yameshakuwa ya njano.

Na wewe mkulima mwenzangu, usizime simu. Mahindi yakifa sema yamekufa, piga picha tuma, bando la siku halizidi bei ya soda.

Mhariri, mimi nina ombi moja kwenu. Dada yangu na wenzake kule wanasoma gazeti hili kwenye simu. Kila Agosti mkianza kutoa bei elekezi za mbolea ya ruzuku, wilaya kwa wilaya, pamoja na vituo vinavyouza, wataziona wenyewe na watajua mfuko mmoja ni shilingi ngapi kabla hata sisi hatujapiga. Mimi nitakuwa wa kwanza kumkatia ule ukurasa na kumtumia.

Msomaji wenu,
Mkulima, Mbozi, Songwe